Nyota za Chumvi na Gari la Bwana Pole

Kuna watu wanaoogopa nyoka, wengine radi, wengine wakwe zao. Mzee tunayemzungumzia hapa aliogopa vumbi. Si vumbi la dhoruba, hilo hata wewe ungelikimbia. Yeye aliogopa chembe moja, ile isiyoonekana mpaka itue juu ya rangi mbichi ya gari na kukaa hapo kama chunusi puani mwa bwana harusi.

Alikuwa fundi rangi wa magari. Kwa miaka thelathini na mmoja aliyapokea magari yaliyokwaruzwa, yaliyobonyea na yaliyochakaa, akayatoa yanang'aa kiasi kwamba akina dada waliopita njiani walisimama kujipaka rangi ya mdomo mbele ya milango yake. Kila mteja aliyekabidhiwa funguo aliambiwa sentensi ileile: "Likitoka kwangu, halirudi." Na kweli, hakuna gari lililorudishwa kwa kasoro ya rangi. Wapo waliosema ni ufundi, na wapo waliosema ni kwa sababu wateja waliogopa kugombezwa. Vyovyote vile, watu walisahau jina lake wakamwita Halirudi, naye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mama yake.

Chumba chake cha kupulizia rangi kilikuwa nyuma ya nyumba. Kuta alizifunika kwa karatasi za plastiki. Sakafu aliimwagia maji kabla ya kila kazi, ili vumbi lilale na lisiamke. Mlangoni palikuwa na mapazia mawili mazito, na juu yake tangazo aliloliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MARUFUKU SWETA, MIKATE, KUKU NA KUPIGA CHAFYA. Kuhusu kuku, kuna kisa, lakini mkewe alishaapa kwamba hakitasimuliwa tena katika nyumba ile. Na kama unadhani ugonjwa huu ulimwanza uzeeni, waulize waliohudhuria harusi yake. Bwana harusi aliwapokonya watoto vikaratasi vya kurusha, akavitia mfukoni, kisha akarudi kupiga picha kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwaka huo daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akavua vifaa vyake masikioni na kusema, "Mzee wangu, rangi uliyoivuta inatosha."

Halirudi hakubisha. Aliahidi kwamba ikifika Krismasi ataitundika bunduki yake ya kupulizia rangi ukutani na kuiacha hapo. Kilichobaki kilikuwa gari moja tu, la mwisho. Alichotaka duniani, na hili alimwambia mkewe waziwazi, ni kumaliza miaka thelathini na mmoja bila doa, ili siku moja watu waseme: yule fundi, kazi yake haikurudi hata mara moja.

Sasa, gari lenyewe la mwisho lilikuwa gari la kubebea maiti.

Mwenye gari alikuwa na shughuli ya mazishi, mtu mwembamba mwenye suti nyeusi iliyopigwa pasi mpaka kwenye soksi. Kwa sababu ya kazi yake, alikuwa amezoea kusema pole kwa kila mtu na kwa kila jambo. Ukimwambia mwanao amefaulu mtihani, atakushika mkono na kusema, "Pole sana." Mji mzima walimwita Bwana Pole.

"Pole, mzee," alisema siku alipolileta gari lake refu, jeusi, lililochubuka kila upande.

"Nimeshapoa," alijibu Halirudi.

"Nasikia gari likitoka kwako halirudi."

"Halirudi."

"Basi tumekutana," alisema Bwana Pole. "Na wateja wangu hawarudi."

Hakucheka. Halirudi hakujua kama yeye anaruhusiwa kucheka, basi akajikohoza. Wakapatana kwamba gari liwe tayari Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa kuwa saa nane mchana siku hiyo kulikuwa na mtu wa kuzikwa.

Jumatano likaja balaa, tena limeshikana mikono. Binti yake Halirudi, aliyekuwa mpokea wagonjwa hospitalini, aliwaleta wanawe watatu kwa sababu shule zimefungwa. Mkubwa, msichana wa miaka saba, aliitwa Mkaguzi. Huyo hakumeza kitu bila kukigeuza kwanza aone kilichoandikwa chini. Wa kati, mvulana wa miaka mitano, aliitwa Kwa Nini, na sababu utaijua muda si mrefu. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka mitatu na ushei aliyetembea na kijiko chake popote aendapo, hata kitandani. Aliitwa Kijiko.

Walikuja na mfuko. Ndani yake mlikuwa na unga wa ngano, chumvi, gundi nyeupe, uzi mwekundu na vichupa vitatu vya glita ya rangi ya fedha.

"Watatengeneza mapambo ya mti wa Krismasi na mama," alisema binti.

Halirudi alikinyanyua kichupa kimoja kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na maelfu ya chembe, nyepesi, zinazocheka. Nywele za shingoni zikamsimama.

"Mwanangu," alisema, "hili ni vumbi lililovaa nguo za sikukuu."

"Baba, ni glita tu."

"Glita tu! Na wewe nilikulea mimi?"

Ahadi ilikuwa kwamba Bibi ndiye atakayesimamia shughuli hiyo, ndani ya nyumba, mbali na gari. Lakini Alhamisi asubuhi Bibi aliamka na shavu limevimba. Akaenda akang'olewa jino, akarudi na pamba mdomoni na amri ya kutosema kwa siku mbili. Akajilaza sebuleni, akamwonyesha mumewe watoto kwa kidole, akamwonyesha unga, kisha akafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita ya ndoa, neno la mwisho likawa la mume. Maskini, hakujua alifanyie nini.

Rangi nyeusi ya gari alikuwa ameshaipiga alfajiri ile, nayo ilihitaji siku nzima ya kukauka. Kwa hiyo alinawa mikono, akavaa aproni ya mkewe yenye maua, akaketi na wajukuu mezani.

Wakachanganya vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji. Kijiko alichota kinyunga akala, akakunja uso kwa ule uchumvi, kisha akachota tena upande wa pili wa bakuli, pengine huko ni kutamu. Walisukuma kinyunga kwa chupa, wakakata nyota na kengele, wakatoboa kila moja tundu la uzi kwa mrija, wakaziweka kwenye oveni yenye moto mdogo. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Zilipotoka zimekauka, watoto walirukia vichupa vya glita, lakini babu yao aliinua mkono.

"Bado. Kwanza msasa."

"Kwa nini?" aliuliza Kwa Nini.

"Zina mikwaruzo."

"Kwa nini tusizipake tu?"

"Kwa sababu rangi haifichi kosa, mjukuu wangu. Rangi hulitangaza."

Basi watoto watatu waliketi jioni nzima wakisugua nyota za unga kwa msasa laini, ule wa kumalizia milango ya magari. Babu alipitisha kidole juu ya kila nyota huku amefumba macho, akisikiliza vinundu. Nyota kumi na nne zilifaulu. Mbili zilirudishwa kusuguliwa upya, na ya Kijiko haikukaguliwa kwa sababu ilikuwa imeshaliwa mkono mmoja.

Ijumaa asubuhi aliwapeleka uani. Alilowesha kidole kwa mate akakiinua kupima upepo, akawapanga wajukuu upande ule ambao hata wakipiga chafya vumbi litakwenda kwa jirani. Akatandika magazeti. Watoto wakapaka gundi, wakanyunyiza glita, na lazima tuseme kweli, nyota zilipendeza. Halirudi mwenyewe aliiegemeza moja kwenye bilauri, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande mmoja kama alivyofanya kwa magari.

"Kazi nzuri," alisema. "Hizi zikitoka hapa, hazirudi."

Mkaguzi aliinyanyua nyota ya babu, akaileta juu ya sahani nyeupe, akaitikisa mara moja. Glita ikapukutika. Akaitikisa mara ya pili, ikapukutika zaidi.

"Babu," alisema taratibu, kwa huruma ya mkaguzi aliyezoea kuwakuta watu na makosa, "hii inarudi."

Hapo kisu kiligusa mfupa. Mzee mwenye busara angecheka, akaenda kuchemsha chai. Lakini mtu aliyeitwa Halirudi kwa miaka yote hiyo anatikisiwa kazi yake juu ya sahani na mtoto wa miaka saba! Alisimama na aproni yake ya maua.

"Gundi ndiyo dhaifu," alisema. "Mimi ninayo klia."

Klia, kwa wasioijua, ni ile rangi isiyo na rangi inayopulizwa mwisho kabisa ili gari ling'ae na lisichubuke. Ikishika kitu, kimeshikika. Na klia hupulizwa wapi? Chumbani. Na chumbani kulikuwa na nini? Ndiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu mwenyewe ndiye hakujisikia.

Alijua anachofanya ni haramu, ndiyo maana alikifanya harakaharaka. Alilifunika gari la Bwana Pole kwa plastiki, akazitundika nyota kwenye waya pembeni, akawavalisha wajukuu barakoa na kuwasimamisha kati ya mapazia. Akaielekeza bunduki ya rangi kwenye nyota ya kwanza na kubana kidole. Fundi huyo aliyejua tabia za hewa kuliko tabia za mkewe alikuwa amesahau jambo moja dogo: kabla klia haijafika, hewa hutangulia.

Glita yote iliyokuwa haijashika iliruka. Ilijaa chumba, ikazunguka chini ya taa, ikawashukia polepole kichwani. Ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Watoto walipiga kelele za furaha, na Halirudi, kwa muda wa kupepesa jicho, alisimama mdomo wazi kama mtoto wa nne. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Hakuna mtu kuhema!" alipiga ukelele.

Alizimaliza nyota, kwa sababu kazi ikianzwa humalizwa, akazitoa nje. Kisha wakafanya usafi wa saa mbili. Alifuta kuta, akamwaga maji, akaikunja ile plastiki ya gari kuelekea ndani kama mtu anayekunja nepi, akajimwagia ndoo nzima kichwani.

"Sitaki kuona hata chembe moja hapa chini!" alitangaza. "Hata moja!"

Wajukuu walifanya kazi kama watu wazima. Kwa Nini na Kijiko walikusanya glita kwa brashi, kwa viganja na kwa kile kijiko, na baada ya muda sakafu ilikuwa safi kama sahani. Babu alipiga magoti akaikagua kwa tochi. Hakuona kitu. Akawasifu, akawapa biskuti. Hapo ndipo alipopaswa kuuliza iliko ile waliyoikusanya, lakini hakuuliza.

Alasiri alilipiga gari klia. Alilizunguka mara tatu, mkono ukienda na kurudi bila kutetemeka, na kwa kila hatua alijua kwamba hatua ile hataipiga tena. Alipofika kwenye taa ya nyuma, ya mwisho ya kushoto, machozi yalimlenga. Akasingizia thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, ingawa hakukuwa na wa kumuuliza. Kisha, kama kawaida yake, alizima taa ili wadudu wasivutwe, akawasha feni ndogo ya dirishani ili rangi ikauke, akatoka kinyumenyume na kuufunga mlango mpaka asubuhi.

Jumamosi jua lilitoka bila wingu. Halirudi, amevaa tena aproni ya maua aliyoizoea, aliachia breki ya mkono, akalisukuma gari polepole kutoka chumbani huku akipiga mluzi. Upande wa kulia ulitangulia kuingia juani, mweusi, mtulivu, unaotazamika kama kioo. Mluzi uliendelea. Kisha gari likageuka, na jua likaupiga upande wa kushoto. Mluzi ukakatika.

Kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma, upande wote wa kushoto ulikuwa unametameta. Si chembe moja, si mia. Maelfu, ndani ya klia iliyokauka, zimeshika milele kama alivyoahidi mwenyewe.

Akakaa juu ya ndoo. Aliwaita wajukuu. Walikuja watatu kwa mstari, wamevaa nguo za kulalia.

"Nani?" alisema. "Vipi?"

Kijiko aliinua kijiko chake juu. Aliongoza msafara hadi dirishani, akaonyesha kiubao kilichokuwa nyuma ya feni, usawa kamili wa pua yake, ambako glita mbili tatu bado zilikuwa zimesalia; nyingine zote feni ilikuwa imezipulizia gari.

"Ulisema hutaki kuiona chini, Babu," Kwa Nini alieleza. "Tukaiweka juu."

"Ya akiba," alisema Kijiko.

Mtu utamlaumu nani hapo? Aliyetii? Bibi naye alikuwa ameshatoka ndani na shavu lake. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi asubuhi ile, akaichagua saa hiyo kuizindua.

"Ee baba wee!" alisema. "Marehemu atakwenda anameremeta kama bibi harusi!"

Akacheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena. Mumewe hakucheka. Kulisugua gari na kulipuliza upya ilikuwa kazi ya siku mbili, na Bwana Pole alikuwa anakuja baada ya saa moja. Miaka thelathini na mmoja! Aliyaona magari yote yale akilini mwake, yamejipanga, yanamtazama.

Mwenye kuzama hushika maji. Halirudi alilisukuma gari mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, ubavu wa kushoto ukibanana na ukuta hata paka asipite vizuri. Akawaita wajukuu.

"Mgeni akija, midomo ni ya nini?"

"Ya kufunga!" walijibu wawili.

Mkaguzi aliutazama ukuta, akalitazama gari, akamtazama babu.

Saa tatu kamili Bwana Pole aliingia. "Poleni wote," alisema. Alilizunguka gari upande ulioachwa uzungukike. Akainama kwenye mlango wa kulia, akajiona, akaiweka tai yake sawa. Ukimjua utaelewa kwamba hayo ndiyo makofi na vigelegele vyake.

"Sijawahi kuona weusi huu," alisema. Akaupokea ufunguo, akafungua mlango, akaweka mguu mmoja ndani. Kisha akasita. "Mzee, hujaniambia ile sentensi yako."

"Sentensi gani?"

"Wanasema ukikabidhi gari unasema. Nimekuja kuisikia pia."

Halirudi alivuta pumzi ya kuisema. Maneno matatu tu, ameyasema mara ngapi maishani! Akahisi aproni inavutwa. Mkaguzi alikuwa amejinyoosha kwa ncha za vidole, akamnong'oneza, na mnong'ono wa mtoto mnaujua, hata majirani husikia.

"Babu, lisiporudi kwa sababu hajaliona bado, linahesabika?"

Bibi aliacha kucheka. Mzee alilitazama gari lake la mwisho, upande mzuri, akajiona humo: mtu mzima na aproni ya maua, anayemficha mwenzake ukweli kwa ukuta wa jirani. Aliona haya, haya ya kweli, ikapanda mpaka masikioni.

"Bwana," alisema, "hili litarudi. Njoo uone."

Alilisukuma gari yeye mwenyewe mpaka juani. Bwana Pole alishuka, akaja upande wa kushoto, akasimama mikono nyuma. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake haukusema kitu, kwa maana ulikuwa uso uliofundishwa kutosema. Halirudi alieleza yote, nyota, klia, feni. Kuhusu akiba hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba kosa ni la fundi.

"Pole sana, mzee," alisema Bwana Pole mwishowe, na hiyo ikawa pole ya kwanza kutoka kwake iliyofika mahali pake. Akatazama saa. "Mteja wangu wa leo hawezi kusubiri. Nitakwenda nalo hivihivi. Jumatatu nitalirudisha."

Gari likaondoka likimetameta upande mmoja. Getini Kijiko alilipungia kijiko mpaka likapotea.

Hiyo Jumapili usiiulize. Halirudi alikaa kitini, akala nusu ya chakula, akajibu nusu ya maswali, na kwa Kwa Nini hayo ni machache sana. Mchana watoto waliupamba mti kwa nyota zao. Mkaguzi alimletea babu moja, akaitikisa mbele yake juu ya ile sahani nyeupe, mara tatu, kwa nguvu. Sahani ikabaki nyeupe.

"Hizi hazirudi, Babu," alisema.

"Asante, mwanangu," alisema mzee, akageuza uso dirishani.

Jumatatu gari lilirudi. Lilisimama getini, na Halirudi alilitazama likiingia kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Msasa na ndoo alikuwa ameshaviandaa.

"Nimelirudisha," alisema Bwana Pole.

"Nimeona. Naanza na boneti, kisha huu upande wa—"

"Wa kulia," alisema Bwana Pole.

Halirudi akadhani mwenzake amechanganya mikono.

"Tuliyemzika Jumamosi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo," Bwana Pole alisema. "Wanafunzi wake walikuja. Badala ya kutoa machozi, walisukumana, kila mmoja anataka kutembea upande wa kushoto wa gari. Wazee wao pia, baadaye. Upande wa kulia nikabaki mimi na dereva." Akaupapasa ubavu wa kushoto. "Mzee, nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Watu wakiliona gari langu wanageuza uso. Wengine huvuka barabara. Jumamosi nilipungiwa mkono. Alianza huyu wako, getini. Kisha njia nzima, watoto. Sikujua nifanye nini, nami nikapunga."

Alisema hivyo na macho yakamjaa maji. Hakusingizia thina.

"Sasa nataka na upande wa kulia," alimalizia. "Asibaki mtu wa kutembea upande wa giza."

Basi Halirudi aliusugua upande wa kulia, akaupiga klia, akafika pale ambapo lazima mtu anyunyize glita nyuma ya feni. Alikinyanyua kichupa cha mwisho. Mkono ukakataa. Alijaribu mara mbili. Miaka thelathini na mmoja mkono ule ulipigana na vumbi. Sasa upewe amri ya kulirusha, tena kwenye klia mbichi? Mkono ulibaki hewani kama wa mtu aliyegomewa na bega lake.

Akatoka nje, akazunguka hadi dirishani. Walikuwa wanamngoja, kwa mstari, barakoa zimewafika machoni.

"Kijiko," alisema, "naomba unisaidie. Mimi siwezi."

"Kwa nini?" aliuliza Kwa Nini.

"Kwa sababu sikufundishwa nikiwa mdogo."

Kijiko alichota kwa kijiko chake, akamwaga kwenye kiubao kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka nje. Mkaguzi aliisawazisha, Kwa Nini akabonyeza swichi. Babu yao alifumba macho mpaka feni iliponyamaza.

Siku moja kabla ya Krismasi Bwana Pole alikuja kulichukua. Lilikuwa juani katikati ya uwanja, mbali na ukuta wowote, na halikuwa na upande wa kufichwa. Bunduki ya rangi ilikuwa imeshatundikwa, na nyota moja ya chumvi, ile iliyoliwa mkono, ilining'inia juu yake. Bwana Pole alilizunguka gari mara mbili, akapokea ufunguo, akasimama akisubiri.

"Sentensi," alimkumbusha.

Halirudi aliliwekea gari mkono juu ya boneti. Ulikuwa mkono wa fundi mzee, na kwenye mstari wa kila kucha palikuwa na glita ambayo sabuni ilikuwa imeshashindwa nayo.

"Likikwaruzika," alisema, "lirudishe."

"Na lisipokwaruzika?"

Mzee aliwatazama wajukuu wake, kisha akalitazama gari.

"Lirudishe tu," alisema, "tulione."